Kulabu Kwenye Kochi

Mtu akishakaa kwenye kochi letu la sebuleni, haondoki. Simsifu mume wangu kwa kusema hivyo, nalalamika. Yeye ni fundi makochi, na hilo alilitengeneza kwa mikono yake tulipohamia nyumba hii: springi za kweli chini, sponji ngumu katikati, sponji laini juu, na mgongo ulioinama nyuma kiasi kwamba ukijiegemeza unasahau ulikuwa unaenda wapi. Mafundi wenzake wanamwita Springi. Siku hizi hata watoto wetu wakipiga simu kutoka makwao huuliza Springi anaendeleaje, nami najibu kana kwamba ndilo jina lililoandikwa kwenye cheti cha ndoa.

Ni mbishi. Nimekaa naye miaka mingi kuliko niliyokaa kwa wazazi wangu, na sijamsikia akisema "sawa" kabla ya kusema "kwa nini". Aliwahi kumfuata mteja nyumbani kwake kwenda kufumua kochi ambalo mwenyewe alikuwa ameshalipokea na kulisifia, kwa sababu lilipokuwa linapakiwa garini alisikia springi moja inalia. Mteja akasema mbona yeye haisikii. Springi akasema anaisikia yeye, akatoa koleo akaanza kung'oa pini.

Kwa hiyo alipoanza kusimama chooni kama mtu aliyepanga foleni, akitoka na matone mawili na uso uliokunjamana, alibisha kwamba kuna tatizo. Mara ni baridi, mara ni chai. Alibisha mpaka siku mkojo wenyewe ulipogoma, akarudi kutoka karakana akitembea amejikunja, ameushika ukanda wa suruali kwa mikono miwili. Hospitali walisema ni tezi dume, imekua na kubana njia, na ndani yake kuna kitu ambacho hakifai kuachwa. Daktari akasema itabidi itolewe, kwa kupasua kule chini kati ya mapaja. Springi akauliza kwa nini. Akaelezwa, akauliza tena, akachorewa kwenye karatasi, ndipo akasema sawa.

Alirudi nyumbani na mpira. Nitalisema wazi, kwa sababu matatizo yote yaliyofuata yalitokana na watu kutotaka kulisema wazi: ni mpira mwembamba unaoingia kwenye uume mpaka kwenye kibofu, na mkojo unatiririka wenyewe hadi kwenye mfuko wa plastiki. Muuguzi aliyeturuhusu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kusimamisha magari, alituketisha wote wawili. Mpira ungetolewa Alhamisi ya wiki ya pili, lakini kwa sharti kwamba choo kiwe laini, kwa kuwa dawa za maumivu zinafunga tumbo. Akijikamua, kidonda cha ndani kinaweza kufumuka, damu ikaganda na kuziba mpira, na badala ya kutolewa mpira akarudishwa chumba cha upasuaji. Anywe maji mengi, atembeetembee, ale matunda na mboga, anywe dawa ya kulainisha choo, na asiingizwe kitu chochote kwa nyuma hata akishauriwa na nani. Mfuko ukae chini ya kiuno muda wote, kwa sababu mkojo haupandi mlima.

"Na wewe baba," akamwambia, "kujikaza kisabuni ni huko huko kazini kwako. Chooni hujikazi."

Springi alicheka, kisha akashika kinena, maana hata kucheka kulimuuma. Nikaona mambo yatakwenda vizuri. Kumbe nilikuwa sijamhesabu wifi yangu.

Wifi ni dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo anaweza kumfunga kifungo cha shati mbele za watu. Alikuwepo hospitali, alisikia kila neno, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshawapigia simu ndugu na majirani kwamba mdogo wake amepasuliwa tumbo. Nilipomuuliza tumbo limeingiaje hapo, alinivuta jikoni akaninong'oneza kwamba mwanaume mzima hatangazwi mambo ya kule chini, watu wataanza kuuliza kama bado anafaa. Neno hilo ndilo alilokuwa analiogopa, kufaa. Mume wangu aliliogopa pia. Ndiyo maana mbishi yule alinyamaza, akakubali kuwa mgonjwa wa tumbo.

Wageni wakaja. Walikuwa watu wema, siwasemi vibaya, lakini walikaa kwenye lile kochi. Wifi alifika kila siku mapema kuwapokea, yeye na mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye sote tunamwita Mwalimu, mtu mpole, mwembamba, anayeongea kama maneno yanauzwa. Mwalimu ndiye mtu pekee ambaye kochi letu lilishindwa kumshika. Alikaa ukingoni, akainuka kwenda chooni, akakawia huko, akarudi, na kabla chai yake haijapoa alikuwa ameinuka tena. Wifi alikuwa akimtania kwamba anakwenda kusahihisha madaftari, nasi tulicheka.

Na choo chetu kipo pale pale, kati ya sebule na jiko, kina mlango wa ubao mwembamba usiofika chini. Fundi mwenyewe amekuwa akiahidi kuubadilisha tangu tuhamie. Ukiwa sebuleni unasikia mtu akifungua zipu. Springi alilijua hilo kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiwatania waliotoka.

Basi akaanza ujanja wake. Alikuwa amenielekeza nimkatie sponji yenye umbo la herufi U, ili akikaa, pale panapouma paelee bila kugusa kitu, na sponji hiyo ilimsaidia kweli. Lakini mfuko hakuuacha sakafuni. Aliulaza ubavuni mwake juu ya kochi na kuufunika blanketi, na kila nikiushusha yeye anaupandisha. Halafu akaacha kunywa maji. Sikugundua upesi, kwa sababu glasi zilikuwa zinarudi jikoni tupu. Kumbe kila nikimletea maji alikuwa akimkaribisha mgeni aliyekaa karibu naye, kwa adabu zote, na nani atakataa maji anayopewa na mgonjwa. Muuza nyama wa mtaani kwetu alikunywa sana wiki ile. Vipande vya papai navyo vikaenda njia hiyo hiyo. Aliponieleza baadaye, hoja yake ilikuwa kwamba asipoingiza kitu hakuna kitakachotoka, na kisipotoka wageni hawatasikia.

Mwili haukukubaliana na hoja hiyo. Tumbo lilijaa, likawa gumu kama mbao za fremu. Mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea. Kibofu kikaanza kumkaza ghafla, kama mtu anayekamua nguo, na mkojo ukawa unapita pembeni ya mpira na kumlowesha suruali. Yote hayo yakimpata, yeye amekaa anamsikiliza jirani, anauma meno, anatikisa kichwa, anatabasamu. Alikuwa anakufa na tai shingoni, na tai yenyewe alikuwa amefungwa na dada yake.

Jumamosi wageni walipoondoka aliingia chooni, akakaa humo. Nilimsikia akiguna. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka, na ndani ya mpira kulikuwa na uzi mwekundu unaoteremka. Hakuwa amepata choo. Niliuona ule uzi nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nilimwambia asinifanye mjane kwa ajili ya mlango wa ubao. Nilimwambia Alhamisi nataka kumpeleka akatolewe mpira, si akapasuliwe upya, na kama anaona haya kwenda choo nyumbani kwake basi nyumba hii tuwaachie wageni, sisi tuhame. 

Nikampigia muuguzi. Aliuliza kama mkojo unaendelea kushuka, nikasema unashuka. Akauliza kama kuna mabonge ya damu, nikasema hakuna, ni uzi tu na umeanza kufifia. Akasema asijikamue tena, anywe dawa, anywe maji glasi baada ya glasi, mfuko ushuke chini, atembee uani, na akikaa chooni aweke miguu juu ya kistuli, ainame mbele kidogo na asubiri bila haraka. Mkojo ukisimama au damu ikizidi, tusingoje kesho. Kisha akauliza kwa nini maji yalikuwa hayanywewi. Nikamwambia kuna wageni. Akasema kwamba ugonjwa huo hospitali yao haina dawa yake.

Jioni ile alikunywa maji nikiwa nimesimama mbele yake, na asubuhi akanywa tena. Rangi ya mkojo ikaanza kurudi, tumbo likaanza kuongea. Lakini ilikuwa Jumapili, na Jumapili watu hawana kazi. Kufikia saa za chai sebule ilikuwa imejaa mpaka kwenye mikono ya viti. Mume wangu alikuwa pembeni mwa kochi juu ya sponji yake, mfuko chini ya blanketi, ubavuni, palepale nilipomkataza. Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni upande wa pili. Wifi alikuwa amesimama katikati, anaeleza jinsi mdogo wake alivyopata vidonda vya tumbo kwa kushinda karakana bila kula.

Jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye huruma nyingi na masikio machache, akasema tumbo la namna hiyo dawa yake anayo. Ni maji ya mizizi, ya vuguvugu, anapigwa bomba kwa nyuma, tumbo lote linasafishika siku hiyo hiyo. Alimpiga bomba hilo baba yake, akapona. Angeleta jioni. Wifi, ambaye alikuwa amesikia kwa masikio yake muuguzi akikataza, angefanya nini? Angesema hapana, angeulizwa kwa nini. Akamshukuru, akasema alete.

Nilimtazama mume wangu. Watu walikuwa wanapanga mbele yake namna ya kumharibia kidonda chake, kwa upendo, na yeye alikuwa ameushika mkono wa kochi mpaka vidole vimebadilika rangi, maana mkazo ulikuwa umemjia, na nyuma ya mkazo choo nacho kilikuwa kinabisha hodi. Hapo maji yalimfika shingoni.

Akaniambia nimletee nyundo na kulabu moja kutoka kwenye mkoba wake wa kazi. Wifi akasema homa imempanda. Nilitaka kumwambia mume wangu asubiri, kisha nikayaona macho yake, nikaleta. Akainama taratibu pembeni ya kochi lake, kochi ambalo hajawahi kuruhusu hata mtoto alichomeke sindano, akapapasa chini ya kitambaa mpaka akapata mbao ya fremu, karibu kabisa na sakafu, akaigongomea kulabu. Akalitupa blanketi kando, akauchukua mfuko, akauinua kidogo wauone, kisha akautundika.

"Huu ni mkojo wangu," akasema. "Mimi sijapasuliwa tumbo. Nimetolewa tezi dume, kwa sababu nilikawia mpaka ikaharibika. Mbele nimewekwa mpira, na nyuma nimekaa siku nyingi sijapata choo kwa kuwaonea nyinyi haya. Sasa choo kimekuja. Naingia mle ndani, nitakaa sana, na mtasikia. Asiyetaka kusikia, mlango wa kutokea ni ule pale. Na jirani yangu, nashukuru, lakini bomba lako lisije hapa."

Akautungua mfuko, akaushika chini usawa wa goti kama mtu aliyebeba kikapu, akaenda. Nilimfuata na kistuli, nikamwekea miguuni, nikafunga mlango ule wa aibu. Niliporudi Wifi aliniomba kwa sauti ndogo niwashe redio. Nikamwambia imeharibika. Redio ilikuwa nzima.

Tukakaa. Hakuna aliyeinuka, na safari hii sidhani kama lilikuwa kosa la kochi. Watu wakachunguza vikombe vyao. Halafu ukaja ushuzi, mrefu, wenye kupanda na kushuka, wa mtu aliyedhulumiwa wiki nzima. Muuza nyama akasema, polepole, kwamba hapo injini imewaka. Mtu mmoja akacheka kwa pua, mwingine akashindwa kujizuia, kisha sebule yote ikavunjika mbavu, na kutoka ndani ya choo tukamsikia Springi naye anacheka na kulalamika kwamba tusimchekeshe, inauma. Baada ya muda tukasikia na mengine, ambayo siwezi kuyaandika kitabuni, lakini mimi sijawahi kusikia kitu kilichonifurahisha vile. Nilienda jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Alitoka amelegea, uso umepauka kwa uchovu, lakini tumbo limeshuka. Niliutazama mpira kabla ya kumtazama yeye. Hakukuwa na uzi mwekundu. Akautundika mfuko kwenye kulabu yake, akakaa kwenye sponji yake, akaomba maji, na muuza nyama aliponyoosha mkono kwa mazoea, akamwambia leo hapati. Akainywa glasi yote.

Wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakimpa mkono. Muuza nyama alikuwa wa mwisho, akainama akamuuliza kwa siri ambayo wote tuliisikia, kama bado atafaa. Springi akamjibu bila kupepesa macho kwamba hajui, daktari amesema ni mapema mno kujua, na siku atakayojua wa kwanza kuambiwa atakuwa mke wake, si bucha.

Tukabaki wanne. Wifi akamgeukia mume wangu.

"Umenivua nguo mbele za watu, mdogo wangu," akasema.

"Mimi nilivuliwa kweli, dada," akajibu, "na wanafunzi wa udaktari wamesimama wanaandika. Ndiyo maana nipo hai."

Wifi akachukua mkoba wake. Akamwambia mumewe ainuke, waende. Mwalimu hakuinuka. Ndipo nilipoona kwamba hakuwa tena ukingoni. Alikuwa ameegemea nyuma kabisa, mgongo wote kwenye kochi, na sijui alikuwa hivyo tangu saa ngapi.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "wewe ulianza kuona nini?"

Springi hakufanya utani. Akamwambia ni kusimama muda mrefu, matone, kurudi tena na tena. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwa kila moja, kama anayesahihisha. Akauliza kama aliona damu. Springi akasema hapana, yeye hakuona.

"Mimi naiona," Mwalimu akasema.

Wifi akauliza tangu lini. Mwalimu akamjibu akiwa anaitazama mikono yake, kwamba ni tangu kabla ya Springi kuugua, na kwamba alikuwa anataka kumwambia, lakini alipomsikia akiwapigia watu simu habari za tumbo, akaona hana pa kuanzia. Naamini Wifi alikuwa anayakumbuka yale madaftari, maana mimi niliyakumbuka. Akakaa kwenye mkono wa kochi, mkoba bado begani, akaushika mkono wa mumewe. Mume wangu akaniambia nilete maji glasi nne, na namba ya yule muuguzi.

Alhamisi mpira ulitoka. Springi alidhani siku hiyo hiyo atakuwa huru, kumbe mkojo ulikuwa umesahau adabu. Akikohoa unatoka, akicheka unatoka, akiinua sponji tupu unatoka. Alivaa nepi za watu wazima kwenda karakana, na suruali ya akiba ndani ya mfuko wa pini, na aliyemuuliza alijibiwa kwa urefu. Anaendelea vizuri, anafanya yale mazoezi ya kubana aliyofundishwa, kila siku anairudisha haki yake kidogo kidogo. Kuhusu lile swali la muuza nyama, mimi ndiye niliyeambiwa, kama alivyoahidi, na sina mpango wa kumwambia mtu.

Kulabu haikutoka. Nilimwambia aing'oe, inakwaruza miguu, kochi zuri linaonekana kama la karakana. Akaniuliza kwa nini. Basi nikaiacha, na nafurahi niliiacha, kwa sababu Mwalimu naye alifanyiwa upasuaji, na alipotoka hospitali alisema hataki kupelekwa kwake kwanza, anataka kukaa kwenye lile kochi. Akaletwa kwetu. Wageni wakajaa kama kawaida yao, na jirani wa nyumba ya pili akiwa mstari wa mbele.

Wifi alimkalisha mumewe kwenye sponji ya U. Akainama mbele ya watu wote, akautundika mfuko kwenye kulabu, akapima kwa jicho kama uko chini ya kiuno. Akampa glasi ya maji, akasimama hapo mpaka akaimaliza. Jirani akauliza maskini Mwalimu amepasuliwa nini.

Wifi akamwambia.